Mmoja mgonjwa, mwingine anamuuguza: mafao yanafikaje nyumbani?

Kuna swali ambalo halikauki kwenye simu za kipindi chetu cha asubuhi, na mara nyingi anayeuliza ni mwanamke. Mumewe amepata kiharusi, au ameumia kazini, au figo zimegoma na sasa anakwenda kusafishwa damu kila wiki. Mke amefunga kibanda chake sokoni, kwa sababu mgonjwa hawezi kujigeuza kitandani wala kushika kikombe. Anataka kujua kama kuna malipo yoyote wanayostahili, yeye na mumewe. Wanaume nao hupiga, japo wachache, na wengi wao husubiri mpaka kipindi kiishe ndipo waulize.

Hewani jibu letu huwa fupi kwa sababu ya muda. Hapa tunayo nafasi, basi tulieleze jambo hili kwa kirefu.

Tuanze na ukweli usiopendeza. Tanzania Bara haina posho ya jumla ambayo mtu analipwa kwa sababu tu anamuuguza mwenza wake. Mafao yaliyopo yana milango yake, na milango hiyo hufunguliwa na michango iliyolipwa, au na mahali madhara yalipotokea, au na umaskini wa kaya. Uzito wa kazi ya kuuguza, yaani kuamka usiku, kunyanyua, kuogesha, kulisha, karibu haupimwi popote. Ndiyo maana wanandoa wawili wanaoishi nyumba za jirani, wenye mgonjwa wa hali ileile, wanaweza kupata vitu tofauti kabisa.

Madereva wawili

Tuchukue mfano wa kubuni. Madereva wawili wa malori wanaendesha kati ya Tunduma na Dar es Salaam. Kila mmoja analipwa shilingi 600,000 kwa mwezi. Wake zao wanauza mchele na ndizi soko la Mwanjelwa, Mbeya. Wa kwanza lori linamshinda kwenye mteremko wa Kitonga, anaumia uti wa mgongo. Wa pili anaamka nyumbani Jumamosi, siku yake ya mapumziko, mkono na mguu wa kulia haumtii. Wote wawili hawatasimama tena kwa miguu yao.

Dereva wa kwanza yuko kwenye mikono ya Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ulioanza kazi mwaka 2015. Mfuko huu unachangiwa na mwajiri peke yake. Mfanyakazi hakatwi hata senti. Matibabu yanalipwa na mfuko. Wakati bado anatibiwa na hawezi kufanya kazi, anapata asilimia 70 ya mshahara wake, kwa muda usiozidi miezi 24. Kwa mshahara wa mfano wetu hiyo ni shilingi 420,000 kwa mwezi. Ikithibitika kwamba ulemavu ni wa kudumu, kiwango chake kinapimwa: asilimia 30 au chini yake analipwa kwa mkupuo, zaidi ya hapo anapata pensheni ya kila mwezi.

Na hapa ndipo penye jambo ambalo wasikilizaji wengi hushangaa kulisikia. Katika orodha ya mafao ya WCF kuna fao linaloitwa malipo kwa anayemhudumia mgonjwa. Linamhusu mfanyakazi ambaye ulemavu wake umefika mahali hawezi kula, kuvaa au kwenda chooni bila msaada wa mtu. Kwa maneno mengine, sheria yetu inajua kabisa kwamba mgonjwa wa namna hiyo anahitaji mtu mwingine mzima kando yake, na kwamba mtu huyo ana gharama. Inajua hivyo kwa aliyeumia kazini.

Dereva wa pili hakuumia kazini. Hata kama miaka kumi ya kukaa kwenye usukani na kula chipsi njiani ndiyo iliyompandisha presha, kiharusi cha Jumamosi nyumbani ni vigumu mno kukithibitisha kuwa ugonjwa wa kazi. Yeye anaangukia kwenye Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Sheria hiyo inampa likizo ya ugonjwa ya siku 126 katika mzunguko wa miezi 36: siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili, siku 63 zinazofuata kwa nusu mshahara. Atahitaji cheti cha daktari. Kwa hiyo miezi miwili ya mwanzo nyumba inaendelea kupata 600,000, miwili inayofuata 300,000. Baada ya hapo mwajiri halazimiki tena kulipa kitu.

Mkewe hana mwajiri, kwa hiyo hana likizo ya kuomba. Lakini hata angekuwa ameajiriwa, sheria hiyohiyo inampa mfanyakazi angalau siku 4 za likizo yenye malipo kwa sababu za kifamilia, nazo zimetajwa moja baada ya nyingine: mtoto kuugua au kufariki, na kufiwa na mwenza, mzazi, babu au bibi, mjukuu, au ndugu wa kuzaliwa naye. Soma tena. Mtoto akiugua, umo. Mume akifa, umo. Mume akiugua, humo. Hapo mfanyakazi anabaki na likizo yake ya mwaka na huruma ya mwajiri, na likizo bila malipo ni jambo la kuelewana.

Wakati huohuo, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 63, inasema mume ana wajibu wa kumtunza mkewe, na mke mwenye uwezo ana wajibu wa kumtunza mume ambaye ugonjwa au maumivu ya mwili au akili yamemzuia, kabisa au kwa sehemu, kujipatia riziki. Hatuna ugomvi na wajibu huo. Ndiyo maana ya ndoa. Tunachosema ni kwamba sheria moja inamkabidhi mke mzigo, na sheria nyingine haimpi hata siku moja ya kuubeba.

Barua ya kuacha kazi

Tukae kidogo hapa, kwa kuwa ndipo watu wengi wanapopoteza haki bila kujua.

Siku 126 zikikaribia kwisha, mwajiri huanza kuuliza. Mara nyingine humwita mke na kumwambia kwa upole kwamba itakuwa vizuri mgonjwa aandike barua ya kuacha kazi "ili alipwe haraka". Familia imechoka, dawa zinadai, barua inaandikwa na mtoto wa kidato cha nne na mgonjwa anaweka dole gumba.

Barua hiyo ina gharama. Kwanza, fao la kukosa ajira la mifuko ya hifadhi ya jamii, ambalo ni asilimia 33.3 ya mshahara kwa miezi sita kwa mwanachama aliyechangia angalau miezi 18, halimhusu aliyeacha kazi kwa hiari. Pili, mwajiri anayetaka kumwachisha mtu kwa sababu ya ugonjwa ana utaratibu wa kufuata: kuchunguza ukubwa wa tatizo na kama ni la kudumu, kuzungumza na mfanyakazi, na kuangalia kama kuna kazi nyingine anayoweza kuifanya. Asipofuata, mfanyakazi anaweza kupeleka mgogoro Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, ndani ya siku 30 tangu kuachishwa. Aliyejiuzulu kwa barua yake mwenyewe ana kazi ngumu ya kueleza kwamba aliachishwa.

Kwa hiyo, barua ya namna hiyo isisainiwe kabla ya kuonana na afisa kazi, chama cha wafanyakazi, au mtu wa msaada wa kisheria. Na siku 30 zinakwenda haraka mno kwa mtu anayeshinda wodini.

Kwa aliyeumia kazini kuna saa nyingine inayohesabu. Mwajiri anatakiwa kutoa taarifa ya ajali WCF ndani ya siku 7, na madai yanatakiwa kupelekwa ndani ya miezi 12. Mke anaweza kuulizia ofisini kama taarifa imeshatumwa, na akaomba nakala. Si utovu wa adabu kuuliza.

Pensheni ya ulemavu: miezi inavyohesabiwa

Turudi kwa dereva wetu wa pili. Mlango mkubwa uliobaki kwake ni NSSF, mfuko ambao tangu mageuzi ya mwaka 2018 unahudumia sekta binafsi na waliojiajiri, wakati watumishi wa umma wako PSSSF. NSSF ina pensheni ya ulemavu kwa mwanachama aliyepoteza angalau theluthi mbili ya uwezo wake wa kujipatia kipato kwa maradhi ya kudumu, ikithibitishwa na bodi ya madaktari. Ajali ya kazini si sharti. Kiharusi cha Jumamosi kinahesabika.

Kinachoangaliwa ni michango. Ama awe amechangia miezi 180, yaani miaka 15, au awe amechangia angalau miezi 36, na 12 kati ya hiyo iwe ya karibuni kabla ya tarehe ya ulemavu. Hicho kipengele cha pili ndicho kinachowaokoa vijana, na ndicho kinachowaangusha wenye kazi za kukatika. Dereva aliyechangia miaka mitano kwa kampuni moja, kisha akakaa miaka miwili akiendesha gari la mtu bila kuandikishwa, ana miezi 60 mfukoni na bado anaweza kukosa, maana 12 ya karibuni haipo.

Ndiyo maana tunawasisitizia wasikilizaji waangalie taarifa ya michango yao wakiwa wazima. Mwajiri anayekata na asiyepeleka hugundulika siku ambayo mgonjwa hawezi tena kumfuatilia.

Sasa mtazame mke. Tuseme aliwahi kuajiriwa kwenye duka la vifaa vya ujenzi na amechangia miezi 30. Anaacha kazi ili amuuguze mumewe. Hana fao la kukosa ajira, kwa kuwa ameacha mwenyewe. Miezi yake 30 haijafika 36, na imeacha kuongezeka. Miaka miwili mbele mgongo wake unaharibika kwa kumnyanyua mtu mwenye uzito kuliko yeye, jambo la kawaida mno kwa wanaouguza, na safari hii ndani ya nyumba hiyo hakuna mwenye sifa ya pensheni mpya. Hakuna mfuko unaomhesabia miezi aliyokaa kitandani pa mgonjwa kana kwamba alikuwa kazini.

Kwa nyumba yenye uwezo kidogo, kuna njia ya kupunguza hasara hiyo: NSSF inapokea wachangiaji wa hiari kutoka sekta isiyo rasmi. Anayeacha kazi akiwa na miezi 30 anaweza kujisajili na kuendelea kuchangia, hata kiasi kidogo, badala ya kuiacha akaunti ilale. Tunajua ni rahisi kusema kuliko kufanya wakati pampasi za mtu mzima zinamaliza hela ya mboga. Lakini tofauti kati ya miezi 30 na 36 ni nusu mwaka tu.

Kadi ya bima ni ya nani?

Bima ya NHIF kwa mwajiriwa inamchukua mchangiaji, mwenza wake na wategemezi wengine hadi wanne. Mchango ni asilimia 6 ya mshahara, nusu ya mwajiri na nusu ya mfanyakazi. Kama mgonjwa ndiye mwenye kadi, ajira yake ikikoma nyumba nzima inatikisika. Kama anayeuguza ndiye mwenye kadi, hesabu ya kuacha kazi ibadilike: huenda kadi hiyo ndiyo inayolipa dawa za mgonjwa, na kuachana nayo ni kupunguza matibabu yake. Tumewahi kuwashauri wanandoa wakae na kalamu na karatasi na kuuliza nani hasa aendelee na kazi, badala ya kuamua kwa mazoea kwamba anayeacha ni mke.

Kumwandikisha mwenza kunadai cheti cha ndoa. Wengi wetu tumeoana kwa mahari na baraka za wazee, tukaishia hapo. Sheria ya Ndoa, kifungu cha 160, inawachukulia waliokaa pamoja miaka miwili au zaidi na kutambulika kama mume na mke kuwa wameoana mpaka ithibitike vinginevyo, lakini dhana hiyo inasaidia mahakamani kuliko dirishani. Kama mko wazima, kaandikisheni ndoa.

Asiye na bima kabisa aulize ofisi ya ustawi wa jamii hospitalini kuhusu msamaha wa matibabu kwa wasiojiweza. Wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo wametajwa kwenye sera hiyo. Barua ya mtendaji wa kijiji au mtaa itahitajika, na ni vizuri mtu aende nayo mkononi badala ya kutumwa kuifuata siku ya kuruhusiwa wodini.

Wasio na mchango wowote

Mama lishe, mkulima wa viazi, dereva wa bodaboda asiyechangia popote: kwa hawa mlango wa umma uliobaki ni mpango wa kunusuru kaya maskini unaosimamiwa na TASAF, ulioanza mwaka 2012 na kuzinduliwa awamu ya pili Februari 2020. Mpango huu hautazami mume au mke peke yake, unatazama kaya nzima. Majina huanzia kwenye mkutano wa kijiji au mtaa, kisha hali ya kaya huhakikiwa. Anayeuguza hana nafasi ya kuhudhuria mikutano, na hilo tumelisikia mara nyingi. Atume ndugu au amwombe mjumbe ataje kaya yake.

Mpango una sehemu ya ajira za muda kwa kaya zenye mtu mzima anayeweza kufanya kazi. Kwenye makaratasi, mke wa miaka 38 anayemuuguza mume aliyepooza ana nguvu. Kinachomkosa ni mtu wa kumwachia mgonjwa akienda kuchimba mtaro. Hilo alieleze mapema wakati wa kuhojiwa, maana dodoso halitamsomea uso.

Wenye ndugu ng'ambo hutuuliza kwa nini kwingine ni tofauti. Kenya, chini ya Inua Jamii, ina ruzuku ya shilingi 2,000 za Kenya kwa mwezi kwa kaya yenye mtu mwenye ulemavu mkubwa, yaani yule anayehitaji mtu wa kumhudumia muda wote. Kiasi ni kidogo, lakini kipimo chake kinaanzia palepale tunapopasema. Uingereza ina posho ya anayeuguza kwa saa zisizopungua 35 kwa wiki. Posho hiyo ilipoanza mwaka 1976 iliwaacha nje wanawake walioolewa, kwa hoja kwamba hao wako nyumbani hata hivyo. Ilibidi mwanamke mmoja aliyeacha kazi kumuuguza mama yake, Jacqueline Drake, afike Mahakama ya Haki ya Jumuiya za Ulaya ndipo zuio hilo lifutwe mwaka 1986. Kwa hiyo hata huko halikuja lenyewe.

Na Zanzibar, hapahapa kwetu, tangu Aprili 2016 kila mkazi mwenye miaka 70 na zaidi anapata pensheni jamii, ilianza kwa shilingi 20,000 kwa mwezi na baadaye ikapandishwa kufikia 50,000. Hakuna anayeulizwa alichangia wapi wala mwenza wake anapata nini. Bibi anayemuuguza babu anapokea ya kwake, na babu ya kwake.

Jambo la mwisho ni la saini. Mafao huingia kwenye akaunti ya mwanachama, na mgonjwa wa kiharusi huenda hawezi kushika kalamu, wala kukumbuka namba ya siri. Tumesikia wake waliokaa wiki kadhaa na pesa zimeshaingia benki, hawawezi kuzitoa kununua dawa. Kuna hati ya kisheria ya kumpa mwenza mamlaka ya kushughulikia mambo yako, inayosainiwa mbele ya wakili, na mashirika ya msaada wa kisheria husaidia kuiandaa kwa asiye na hela. Lakini mgonjwa lazima awe bado anaelewa anachokisaini. Akishafika mahali haelewi, njia iliyobaki ni mahakama, na huko hakuna haraka.